Si Kila Dawa ya Macho ni Dawa ya Jicho Lako

Mazungumzo na vikundi vya mafundi cherehani, mama lishe, waendesha bodaboda na mafundi wa kuchomelea vyuma kuhusu macho makavu, yaliyochoka na yanayowasha

Nawashukuru viongozi wa vikundi kwa kutukubalia saa moja katikati ya siku yenu. Saa moja ya mtu anayeishi kwa jasho lake si kitu kidogo, nasi tutajitahidi isipotee bure.

Mimi ni mtumishi wa Mamlaka inayodhibiti ubora na usalama wa dawa. Si daktari wa macho, wala sikuja kumtibu mtu. Nimekuja kujibu swali ambalo wenzangu nami huulizwa karibu kila tunapokutana na wananchi, nalo ni hili: "Macho yangu yanawasha, yamekauka, yamechoka. Dawa nzuri ya macho ni ipi?"

Jibu langu ni refu kidogo, lakini kiini chake ni kifupi. Hakuna kitu kimoja kiitwacho dawa ya macho. Vichupa vilivyopangwa kwenye rafu ya duka la dawa hufanana kwa umbo na pengine kwa rangi na bei, ilhali kazi zake ni mbalimbali. Kimoja hulainisha, kingine huua bakteria, kingine hutuliza uvimbe, na hicho cha mwisho kikitumiwa bila usimamizi chaweza kumpotezea mtu nuru ya jicho. Aidha, macho mengi yaliyochoka hayahitaji hata kimoja kati ya vichupa hivyo. Yanahitaji kupumzishwa, kusafishwa na kukingwa.

Niruhusuni nieleze kwa nini jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Mdogo wangu wa kiume alipokuwa na umri wa miaka 9 alianza kuwashwa macho. Kila msimu wa vumbi aliyafikicha mpaka yakawa mekundu, na asubuhi aliamka yakiwa na ute unaovutika kama uzi. Mama alinunua dawa ya matone katika duka moja karibu na nyumbani. Dawa ile ilifanya kazi ya ajabu: matone mawili jioni, asubuhi macho meupe. Tukaishukuru. Ilipokwisha nikatumwa mimi kununua nyingine. Nilikwenda na kichupa kitupu mkononi, muuzaji akakitazama, akanipa kingine kama hicho. Yeye hakuuliza kitu, nami sikuuliza. Nikaendelea kutumwa hivyo kwa muda wa karibu miaka miwili.

Kisha mtoto akaanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango. Akicheza, hakuuona mpira uliotokea ubavuni. Tulimwita mzembe. Mwalimu wake ndiye aliyetushauri tumpeleke hospitali, na huko daktari akaomba kuiona dawa aliyokuwa akitumia. Nikakitoa kile kichupa. Kilikuwa kimeandikwa deksamethasoni, kwa herufi ndogo ambazo nilizishika mkononi mara nyingi bila kuzisoma hata mara moja. Dawa ile ilikuwa imepandisha shinikizo ndani ya macho yake polepole, pasipo maumivu, na shinikizo hilo likaharibu sehemu ya mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kilichoharibika hapo hakirudi. Leo ni kijana mzima, anafanya kazi na kujitegemea, lakini uwanda wake wa kuona ni mwembamba kama wa mtu anayechungulia dirishani. Hawezi kuendesha pikipiki, kazi aliyoitamani tangu utoto.

Sikusimulia haya ili kumlaumu mama yangu, ambaye alitaka mwanawe apate nafuu. Nimeyasimulia kwa sababu maelezo ambayo yangalimwokoa mdogo wangu yanatoshea katika mazungumzo ya saa moja, na hakuna aliyekuwa ametupa saa hiyo.

Kwa nini jicho hukauka na kuchoka

Jicho zima halikai kavu hata kwa nukta chache. Limefunikwa na utando mwembamba wa machozi wenye sehemu tatu: ute unaoshika kwenye jicho, maji katikati, na mafuta juu yake. Mafuta hayo hutoka katika vitezi vidogo vilivyo kwenye kingo za kope, na kazi yake ni kuzuia maji yasikauke upesi, kama vile mfuniko unavyozuia sufuria isikaukiwe. Kila tupepesapo macho, utando huu hutandazwa upya. Mtu aliyetulia hupepesa mara 15 hivi kwa dakika.

Basi jicho hukauka kwa njia mbili. Ama machozi hayatengenezwi ya kutosha, ama yanatengenezwa lakini yanakauka kabla ya wakati. Njia ya kwanza huja zaidi na umri, na kwa wanawake huzidi baada ya kukoma hedhi. Huweza pia kuletwa na dawa za kumeza, zikiwamo baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Njia ya pili huletwa na upepo, moshi, vumbi, feni na kiyoyozi kinachopuliza usoni, na pia na kazi zinazotufanya tukodoe macho bila kupepesa.

Hapa ndipo ninyi mnapohusika. Dereva wa bodaboda anapokea upepo na vumbi usoni siku nzima. Mama lishe anainamia moshi wa kuni. Fundi cherehani anafuata mstari wa sindano kwa saa nyingi, na mtu anayetumia macho kwa namna hiyo, sawa na anayetazama simu au kompyuta, hupepesa mara chache mno kuliko kawaida. Jioni wote hulalamika jambo lilelile: macho yanachoma, yanakwaruza kana kwamba yana mchanga, na kuona kunafifia kisha kunarudi baada ya kupepesa.

Jambo moja huwashangaza wengi. Jicho kavu laweza kutoa machozi mengi. Utando ukikatika, jicho huumia, nalo hujitetea kwa kumwaga maji. Maji hayo hutiririka shavuni bila kulainisha ipasavyo. Kwa hiyo mtu anayetokwa machozi kwenye upepo asiseme, "Mimi sina ukavu."

Kwa mtoto mdogo ukavu una maana nyingine. Mtoto ambaye macho yake yamepoteza mng'ao, au ambaye hujikwaa giza likiingia ilhali wenzake wanaona, yawezekana amepungukiwa vitamini A, hasa ikiwa ameugua surua au ana utapiamlo. Huyo asinunuliwe matone. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 katika kampeni za mara mbili kwa mwaka hutolewa kwa sababu hii pia. Tusiwafiche watoto wetu siku hizo.

Huduma isiyohitaji kichupa

Nianze na yale yasiyogharimu fedha, au yanayogharimu kidogo.

Pumzisheni macho kwa kipimo. Kwa kazi ya karibu, iwe kushona, kuandika au kutazama simu, kanuni rahisi ni hii: kila baada ya dakika 20, inua uso utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa nukta 20, huku ukipepesa kwa ukamilifu, kope zikutane. Fundi anaweza kuifanya kila anapobadilisha uzi. Haimpunguzii mshonaji mapato, na humwongezea saa ya kushona jioni.

Pimeni macho mkifikisha miaka 40. Kuanzia umri huo, uwezo wa kuona vitu vya karibu hupungua kwa kila mtu. Fundi anayesogeza sindano mbali ili atie uzi tunduni, kisha kichwa kikamuuma jioni, mara nyingi haumwi macho. Anahitaji miwani ya kusomea. Nimekutana na watu waliotumia fedha za miwani kwa kununua matone mwezi baada ya mwezi. Matone hayawezi kufanya kazi ya miwani.

Zuieni upepo na vumbi kabla havijafika. Kofia ngumu yenye kioo kilichoteremshwa hukinga macho pamoja na kichwa. Asiyekuwa nayo avae miwani ya kukinga upepo, hata isiyo ya jua. Kioo kilichokwaruzika usiku kibadilishwe, kwa sababu hutawanya taa za magari na kuyachosha macho.

Punguzeni moshi. Mama lishe aweke jiko mahali upepo unapoingia na kutoka, asimame upande upepo unakotoka, na atumie kuni zilizokauka. Feni isielekezwe usoni, hasa wakati wa kulala.

Osheni kope. Macho yakiamka yamenata tongotongo kidogo, au kingo za kope zikiwa na magamba na kuwasha, chukua kitambaa safi, kichovye katika maji safi ya uvuguvugu, kikamue, ukiweke juu ya macho yaliyofungwa kwa dakika 5 hadi 10. Joto hulainisha mafuta yaliyoganda kwenye vile vitezi. Kisha pangusa taratibu kando ya kope kutoka pembeni mwa pua kwenda nje. Kila mtu awe na kitambaa chake, na kifuliwe kila siku. Maji yajaribiwe kwanza kwa kiganja. Kope ni nyembamba na huungua upesi.

Msifikiche. Kufikicha hutoa nafuu ya dakika moja na kuzidisha muwasho kwa saa nzima, tena huingiza uchafu wa mikono. Anayewashwa aweke kitambaa chenye maji baridi juu ya macho yaliyofungwa.

Mtu akifuata haya kwa wiki mbili na hali ikatulia, hana sababu ya kwenda dukani. Hali isipotulia, ndipo tuzungumzie vichupa.

Familia sita za vichupa

Nitazitaja familia kubwa sita. Jina la kibiashara hubadilika kila siku, kwa hiyo msishike jina kubwa lililo mbele. Tafuteni jina la kiambato, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Ya kwanza ni machozi bandia. Hizi ndizo dawa za ukavu. Kwenye maandishi mtaona majina kama hipromelosi, karboksimethiliselulosi, au sodiamu hialuronati. Kazi yake ni kulainisha tu. Kwa watu wengi ni salama, nazo hutolewa bila cheti cha daktari. Hata hivyo, nyingi zina kihifadhi cha kuzuia vijidudu, kama benzalkoniamu kloridi, ambacho kikitumiwa mara nyingi huweza chenyewe kuwasha jicho. Anayehitaji matone zaidi ya mara 4 kwa siku amwombe mfamasia yasiyo na kihifadhi, au aende akapimwe ajue kwa nini anayahitaji mno.

Ya pili ni dawa za kuondoa wekundu, zenye viambato kama nafazolini au tetrahidrozolini. Hizi hubana mishipa midogo ya damu ili jicho lionekane jeupe. Haziponyi ukavu wala chanzo cha wekundu. Zikitumiwa zaidi ya siku 3, wekundu huweza kurudi kwa nguvu zaidi, mtu akaongeza dawa, akajikuta ndani ya mzunguko. Tena ni hatari kubwa kwa mtoto akizinywa, hata kiasi kidogo mno. Huweza kumlegeza na kumdhoofisha kupumua na mapigo ya moyo. Zifungiwe mbali na mikono ya watoto.

Ya tatu ni dawa za mzio, kwa wale wanaowashwa kwa msimu, kama sodiamu kromoglikati na olopatadini. Baadhi huchukua siku kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, nao wengi huziacha mapema wakisema hazifanyi kazi. Laiti mdogo wangu angalianzishiwa dawa za familia hii, chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Ya nne ni antibiotiki, kama kloramfenikoli, gentamisini, siprofloksasini, na mafuta ya tetrasaiklini. Hizi huua bakteria. Hazina kazi kwenye ukavu, uchovu, mzio wala virusi. Wengi wetu tunaukumbuka mlipuko wa macho mekundu ambao Wizara ya Afya iliutolea taarifa Januari 2024. Ulisababishwa na virusi. Ugonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hutulia wenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili, na kinachosaidia zaidi ni kunawa mikono, kutochangia taulo na kukaa nyumbani. Watu waliokimbilia dawa za kila aina, na hata chumvi na majani, wengine walizidisha madhara.

Ya tano ni steroidi: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Hizi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, na kuna macho ambayo yangepofuka bila hizo. Lakini zina sifa ya kudanganya. Hutuliza wekundu na muwasho wa aina yoyote kwa haraka, kwa hiyo mgonjwa huamini amepona. Huku nyuma huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta presha ya macho, yaani glakoma. Huweza kuleta mtoto wa jicho kabla ya uzee. Na jicho likiwa na maambukizi ya virusi fulani au ya kuvu, steroidi huyapa nafasi ya kuchimba kidonda. Mara nyingi huchanganywa na antibiotiki ndani ya kichupa kimoja, ndiyo maana mtu huomba "ile ya antibiotiki" akapewa mbili kwa pamoja. Jina likiishia na "soni" au "soloni", simama. Uliza. Dawa hii hutolewa kwa cheti cha daktari, kwa muda maalumu, na shinikizo la jicho hupimwa wakati wa matumizi.

Ya sita ni dawa za ganzi, kama tetrakaini. Nawataja hapa mafundi wa kuchomelea. Anayechomelea bila ngao ya uso huweza kupata maumivu makali usiku, saa kadhaa baada ya kazi, kwa sababu mwanga ule umeunguza konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Daktari humtia tone la ganzi ili ampime. Tone lile si la kwenda nalo nyumbani. Ganzi ikirudiwa, konea haiponi, na mgonjwa hulifikicha jicho asilolihisi mpaka linatoboka. Kinga ya fundi ni ngao yenye kioo cheusi sahihi, hata kwa mchomo mmoja wa haraka.

Unaponunua na unapotumia

Nunueni katika famasi au duka la dawa lililosajiliwa, si kwenye meza ya mnadani wala kwa mchuuzi ndani ya basi. Sababu si urasimu. Jicho halina tumbo la kuua vijidudu. Kinachotiwa humo hapana budi kiwe kimetengenezwa bila kijidudu hata kimoja.

Mwaka 2023 huko Marekani, machozi bandia ya kawaida kabisa, yale ya familia ya kwanza, yalihusishwa na maambukizi ya bakteria sugu kwa watu 81 katika majimbo 18. Watu 14 walipoteza uwezo wa kuona, 4 waliondolewa jicho, na 4 walifariki dunia. Dawa ile iliondolewa sokoni. Ikiwa tone la kulainisha tu laweza kufanya hivyo utengenezaji wake unapolegalega, je, kichupa ambacho hakuna anayejua kilikotoka?

Kabla ya kulipa, soma au omba usomewe mambo manne: jina la kiambato, tarehe ya kuisha muda wa matumizi, namba ya toleo, na maneno yanayoonyesha kuwa dawa ni ya macho. Usione haya kuuliza kwa sababu huoni maandishi madogo. Wapo waliotia jichoni dawa ya masikio, na hata gundi, kwa kuwa vichupa vinafanana. Kizibo kiwe hakijafunguliwa. Dawa ikiwa imebadilika rangi au ina chembe zinazoelea, irudishe. Uliza pia mahali pa kuihifadhi, kwani baadhi, kama matone ya kloramfenikoli, huhitaji jokofu.

Siku ya kufungua, andika tarehe kwenye kichupa. Vichupa vingi vya matone hutakiwa kutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, hata dawa ikibaki nusu, isipokuwa maelezo yake yaseme vinginevyo. Tarehe iliyopigwa kiwandani ni ya kichupa kilichofungwa.

Namna ya kutia ni hii. Nawa mikono kwa sabuni. Inua uso, vuta kope ya chini iwe kama mfuko mdogo, tia tone moja. Ncha ya kichupa isiguse jicho, kope wala kidole. Funga jicho taratibu bila kukaza, na bonyeza pembe ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili ili dawa isishuke kooni. Tone moja linatosha, kwa sababu jicho haliwezi kubeba zaidi ya hapo, na la pili hutiririka shavuni pamoja na fedha yako. Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika 5 kati yake. Matone yatangulie, mafuta yafuate.

Na kichupa kisichangiwe. Wahenga walituasa tusisafirie nyota za wenzetu. Dawa iliyomponya jirani iliandikwa kwa ajili ya jicho la jirani, na ncha yake huenda imebeba vijidudu vya jirani.

Visivyoingia jichoni

Maziwa ya mama, asali, maji ya sukari, maji ya chumvi yaliyokorogwa jikoni, chai, limau, majani yaliyosagwa, mkojo, mate. Vyote hivi hutiwa machoni kwa nia njema. Nia njema haiui bakteria wala kuvu. Konea ikipata kidonda, hupona kwa kovu, na kovu lililo mbele ya mboni huziba njia ya nuru maisha yote. Kwa heshima ya bibi zetu waliotulea kwa tiba nyingi zenye manufaa, kwenye jicho tuishie maji safi.

Maji hayo ndiyo huduma ya kwanza pia. Likiingia jichoni tone la tindikali ya betri, chokaa, saruji, sabuni kali au pilipili, usitafute dawa na usisubiri. Fungua kope, mwaga maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 30, kisha nenda hospitali. Kwa chokaa na saruji, kila dakika ina thamani.

Wakati wa kutosubiri

Yapo mambo ambayo hayaandamani na uchovu wa kawaida. Ukiona moja kati ya haya, acha matone ya dukani uende kituo cha afya siku hiyohiyo:

- maumivu makali ndani ya jicho, au kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu na kuona duara za rangi kuzunguka taa;
- kuona kumepungua ghafla, au kumefifia na hakurudi baada ya kupepesa;
- mwanga kuumiza kiasi cha kushindwa kufungua jicho;
- doa jeupe kwenye kioo cha jicho;
- jicho lililopigwa, kuchomwa, au kuingiwa na kipande cha chuma;
- usaha mwingi, hasa kwa mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja;
- jicho jekundu kwa anayevaa lenzi za machoni. Azivue mara moja.

Na yeyote ambaye amekuwa akitumia matone kwa zaidi ya wiki mbili bila kupimwa, hata kama anajisikia vizuri, aende na kichupa chake akapimwe shinikizo la macho. Kipimo hakiumi, na ndicho ambacho sisi nyumbani tulichelewa kukifanya.

Mkipata madhara yoyote baada ya kutumia dawa, au mkiitilia shaka dawa fulani, msikitupe kichupa. Kipelekeni kwenye kituo cha afya, famasi au ofisi ya Mamlaka iliyo karibu. Taarifa ya mtu mmoja ndiyo hutuanzishia uchunguzi. Hatuna macho kila duka, tunawategemea ninyi.

Ndugu zangu, nimalizie pale nilipoanzia. Mkirudi nyumbani leo, fungueni kabati au lile boksi la dawa, mtoe kila kichupa cha macho mtakachokikuta. Someni jina la kiambato. Someni tarehe. Kisichojulikana ni cha nani, au kilifunguliwa lini, kisitumike tena. Kirudisheni famasi wakiteketeze. Na mtoto akitumwa dukani na kichupa kitupu, mzazi aende mwenyewe, aulize swali ambalo mimi sikuliuliza: "Hii ni dawa ya nini hasa?"

Muuzaji aliye mweledi hatachukia swali hilo. Akishindwa kulijibu, basi mmekwisha kupata jibu: ondokeni, mkatafute duka jingine.